Kwa nini Terminator ya 2019 iliangukia pua ilhali ilisifiwa

Swali: Mimi na kaka yangu tumekua na Terminator ya pili, tuliitazama mpaka mkanda ukakwaruzika. Juzi nimeiona Dark Fate, ile ya 2019, na kusema kweli si mbaya. Linda Hamilton karudi, Arnold karudi, James Cameron karudi, mapigano yapo. Wahakiki waliisifu kuliko mbili zilizoitangulia. Imekuwaje basi ikala hasara, na mashabiki mpaka leo wanaisema vibaya? Kaka anasema ni kwa sababu waliijaza wanawake. Ni kweli? Na je, kuna nyingine inakuja?

Jibu:

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu kwa mkupuo, na la kwanza lenyewe ni mawili. Mashabiki kukasirika ni jambo moja, filamu kukosa hela ni jingine. Watu huyachanganya kwa kuwa mara nyingi huongozana, lakini chanzo chake si kimoja. Shabiki anayetukana, kwa sehemu kubwa, ni mtu aliyenunua tiketi, akakaa, akaona, akaudhika. Hela yake imeshaingia. Anayeiua filamu ni yule ambaye hakuja kabisa, na huyo hana hasira wala habari. Ukimtafuta kwenye malumbano hutamkuta.

Sisi tuliofanya kazi ya kupanga filamu kwenye majumba ya sinema tuna mazoea ya kutazama namba mbili kabla ya kusikiliza maneno ya watu. Ya kwanza ni mauzo ya wikendi ya ufunguzi, Ijumaa hadi Jumapili. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ubora, maana wanunuzi bado hawajaiona filamu. Inasema tu walikuwa na hamu kiasi gani. Ya pili ni mauzo ya mwisho ukiyagawa kwa hayo ya ufunguzi. Hapo ndipo unajua kama waliotoka ukumbini waliwaambia wenzao waende.

Dark Fate ilifunguliwa Marekani tarehe 1 Novemba 2019 ikaingiza kama dola milioni 29 kwa siku tatu. Ilipoondolewa kwenye majumba ilikuwa imefika takriban milioni 62, yaani mara mbili na ushee ya ilichoanza nacho. Filamu inayopendwa hufika mara tatu na kuendelea. Watazamaji waliohojiwa wakitoka ukumbini waliipa B+, alama ambayo shuleni ungeshangiliwa, lakini kwa filamu ya aina hii ina maana ileile uliyoandika wewe: si mbaya. Na "si mbaya" haimtoi mtu nyumbani kwake Ijumaa usiku.

Lakini jeraha kubwa liko kwenye hiyo milioni 29 ya mwanzo. Chukua mauzo ya Marekani peke yake, uyaweke kwa mpangilio. Terminator ya pili, mwaka 1991, ilipita dola milioni 200. Ya tatu, 2003, milioni 150. Salvation ya 2009, milioni 125. Genisys ya 2015, karibu milioni 90. Dark Fate, 62. Katika miaka yote hiyo bei ya tiketi ilikuwa inapanda, kwa hiyo idadi ya watu iliporomoka zaidi ya namba zinavyoonyesha. Ukiitazama orodha hiyo huhitaji kujua lolote kuhusu hadithi ya Dark Fate ili ukisie ingeangukia wapi. Iliporomoka pale pale ambapo ngazi ilikuwa inaelekea.

Ngazi hiyo ilijengwa na ahadi. Kila mara studio ilipotoa Terminator mpya iliwaambia watu: zile zilizopita achaneni nazo, hii ndiyo yenyewe. Salvation ilikuwa mwanzo wa filamu tatu mpya. Kampuni iliyokuwa na haki zake ikafilisika mwaka uleule wa 2009, na ya pili haikuja. Genisys nayo ilikuwa mwanzo wa filamu tatu mpya, mpaka tarehe za hizo nyingine zilikuwa zimeshawekwa kwenye kalenda, kisha zikafutwa kimya kimya. Dark Fate? Mwanzo wa filamu tatu mpya. Mtu aliyewahi kuahidiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hahitaji kukasirika. Anangoja aione kwenye televisheni.

Na hapa nitamtaja Cameron mwenyewe, kwa sababu kurudi kwake kulitegemewa mno. Tangazo kuu la Dark Fate lilikuwa kwamba baba wa hadithi amerudi, na kwamba huu ndio mwendelezo halisi wa ile ya 1991. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2015, Genisys ilipokuwa inatangazwa, Cameron huyohuyo alitokea kwenye video ya matangazo akaisifu na kusema kwamba kwake yeye hiyo ndiyo anayoihesabu kuwa ya tatu. Miaka minne baadaye akawa mtayarishaji wa filamu inayojifanya kana kwamba Genisys haikuwahi kuwepo. Muhuri wa baba ukishagongwa kwenye barua mbili zinazopingana, hakuna anayesoma ya tatu. Simlaumu kwa kumsaidia rafiki yake Arnold kuuza filamu. Ninachosema ni kwamba silaha kubwa kuliko zote waliyokuwa nayo mwaka 2019 ilikuwa imeshapigwa risasi zake 2015.

Twende kwenye hasira.

Dark Fate inaanza ufukweni Guatemala, mwaka 1998. Sarah na mwanawe John, yule ambaye mashine zilimwinda ili asije kuongoza binadamu dhidi yao, wamekaa kwenye baa ya pwani, wamepumzika, hatari imekwisha. John ana sura ileile ya Edward Furlong aliyekuwa nayo 1991. Wameijenga kwa kompyuta juu ya mwili wa kijana mwingine, na imetoka vizuri ajabu. Unaanza kutabasamu. Kisha T-800, mashine ya kuua yenye sura ya Arnold, inatokea, inatembea moja kwa moja mpaka walipo, inainua bunduki na kummaliza mtoto mbele ya mama yake. Kisha inaondoka zake. Filamu haijamaliza dakika tano.

Wewe na kaka yako, kama mlikulia kwenye mikanda kama mimi, mnajua sheria: steringi hafi. Akifa, afe mwishoni, kwa heshima, akiwa ameokoa watu, kama Arnold alivyoshuka kwenye chuma kilichoyeyuka akiinua kidole gumba. John si steringi wa filamu ya kwanza wala ya pili kwa maana ya kupigana. Steringi ni mama yake. Lakini yeye ndiye sababu ya yote. Baba yake, Kyle Reese, alikufa kwa ajili yake, Sarah alifungwa hospitali ya vichaa kwa ajili yake, mashine ilijifunza utu kwa ajili yake. Ukimwondoa kwa risasi kabla hata mtazamaji hajamaliza bisi zake, umemwambia kwamba zile saa mbili alizozipenda tangu utotoni zilikuwa bure.

Kinachoshangaza ni kwamba Cameron alikuwa anaujua uchungu huu kwa ngozi yake. Mwaka 1986 alitengeneza Aliens, akaimaliza shujaa wake, Ripley, akiwa amewaokoa askari Hicks na yule mtoto wa kike, Newt. Alien ya tatu ilipotoka 1992, ikiongozwa na David Fincher, wote wawili walikuwa wameshakufa filamu inapoanza. Cameron alilalamika hadharani kwamba hiyo ilikuwa dharau kwa mashabiki. Na bado 2019 akaunga mkono John auawe kwa mtindo uleule.

Hata hivyo mimi siamini kwamba kifo chenyewe ndicho dhambi. Hadithi nzuri zinaua watu tuwapendao. Dhambi ni kilichofuata. Ukishamuua John, umejipa uhuru mkubwa: hakuna mteule, hakuna Skynet, unaweza kwenda popote. Wao wakaenda palepale. Badala ya Skynet kuna Legion, kompyuta nyingine ya kivita iliyowageuka binadamu. Badala ya John kuna Dani Ramos, msichana wa kiwandani Mexico City ambaye siku za usoni ataongoza mapambano. Badala ya Kyle Reese kuna Grace, mpiganaji aliyetoka siku za usoni kumlinda. Badala ya mashine ya majimaji kuna Rev-9, inayojigawa mara mbili, mifupa huku na nyama ya majimaji kule. Wamembomolea mtu nyumba yake, kisha wakamjengea ileile, ramani ileile, na kumtaka ashukuru.

Shida yenyewe ilikuwepo tangu 1991. Ile filamu ya pili ilifunga. Sarah anachonga mezani kwa kisu kwamba hakuna majaliwa yaliyokwisha kuandikwa, halafu anakwenda kuthibitisha: maabara inalipuliwa, chipu inayeyushwa, mashine ya mwisho inajitoa yenyewe. Cameron alikuwa amepiga hata mwisho mwingine, ambamo Sarah ni bibi kizee amekaa bustanini na Siku ya Kiyama, yaani siku mashine zinapowaangamiza binadamu, haijawahi kutokea, akaukata kwenye uhariri. Kwa hiyo kila aliyekuja baadaye alilazimika kuvunja kufuli kwanza ndipo aingie. Ya tatu ilisema Kiyama kiliahirishwa tu. Genisys ikavuruga kalenda yote, na trela yake ikatoboa siri kubwa ya filamu, kwamba safari hii John mwenyewe ndiye mashine. Dark Fate ikamuua. Njia ni tofauti lakini kazi ni moja, ya kufungua hadithi ambayo haikuwa na sababu ya kufunguliwa isipokuwa jina lake linauzika. Na hilo la kuuzika, kama tulivyoona kwenye ngazi, lilikuwa linapungua.

Sasa niitendee haki, kwa sababu ina vitu vizuri kuliko zote tatu zilizotangulia. Sarah anaweka simu yake ndani ya pakiti ya krispi ili isifuatiliwe. Ni kitu kidogo, hakihitaji maelezo marefu, na kinakuambia jinsi alivyoishi miaka yote hiyo. Halafu yupo Carl. Ile T-800 iliyomuua John, ikiisha kukosa kazi ya kufanya, ilikwenda Texas, ikajiita Carl, ikakaa na mwanamke na mwanawe, ikafungua biashara ya mapazia. Kuna mahali Arnold anaeleza, kwa uso mkavu kabisa, jinsi alivyomzuia mteja asiweke mapazia ya rangi moja tupu kwenye chumba cha binti mdogo: weka vipepeo, weka maputo. Ukumbi mzima hucheka. Lakini ndani ya kichekesho hicho kuna swali ambalo hakuna Terminator nyingine iliyowahi kuuliza: mashine iliyotimiza amri yake na kubaki haina bwana, inafanya nini na maisha? Ningelipia tiketi kuona filamu nzima ya swali hilo. Tulipewa dakika chache, kisha ndege zikaanza kulipuka.

Na mivutano ilikuwepo huko jikoni. Mwongozaji Tim Miller alisema baadaye kwamba yeye na Cameron walivutana sana kwenye uhariri na kwamba hataki tena kufanya kazi mahali ambapo neno la mwisho si lake. Unaiona mivutano hiyo kwenye filamu: nusu inataka kuwa hadithi ya wazee wawili wenye deni la damu, nusu inataka kuwa mwanzo wa mfululizo wa vijana.

Kuhusu kaka yako na wanawake. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba hajakumbuka vizuri alichokipenda. Terminator ya kwanza ni hadithi ya mhudumu wa mgahawa anayegeuka mpiganaji. Ya pili watu waliijadili kwa mikono ya Linda Hamilton karibu sawa na walivyoijadili kwa ile mashine ya majimaji. Mfululizo huu umekuwa wa mwanamke tangu 1984, na ulipotupatia wanaume zaidi, kwenye Salvation ambako Sarah anasikika tu kwa sauti kwenye kanda, mauzo yalishuka vilevile. Kilichoharibu ni namna ya kuuza. Kabla filamu haijatoka, Miller alisema kwenye mahojiano kwamba wenye chuki na wanawake watamwogopa Grace. Huenda ni kweli. Ila mtu anayesitasita kununua tiketi ukishamwambia kwamba kusitasita kwake ni ugonjwa, umempa sababu ya kubaki nyumbani, na umewapa wagomvi wa mtandaoni chakula cha miezi.

Tatizo la kweli la nyuso lilikuwa umri. Mwaka 2019 Arnold alikuwa na miaka 72, Linda 63. Cameron alikuja kusema mwaka 2022 kwamba pengine mmoja wao angefaa, lakini wote wawili kwa pamoja waliifanya ionekane filamu ya babu. Nakubaliana naye, na ningeongeza: kijana wa miaka 18 mwaka 2019 alikuwa amezaliwa miaka kumi baada ya ile ya pili. Terminator alizozikuta yeye ni Salvation na Genisys. Kwake jina hilo halikuwa kumbukumbu tamu, lilikuwa onyo. Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu wengi tulizijua filamu hizi kwenye vibanda umiza, kwa mikanda iliyorudufiwa na wasimuliaji wa Kiswahili, na mapenzi hayo bado yapo. Lakini kiingilio cha kibanda hakikuwahi kufika Hollywood, basi hata mapenzi yake hayakuingia kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Bajeti iliyoripotiwa ilikuwa kama dola milioni 185, bila matangazo. Mauzo ya dunia nzima yalikuwa kama 261. Mtu anaona faida ya milioni 76. Lakini hela ya tiketi haiendi yote kwa studio. Kwa Marekani studio hubaki na kama nusu, nchi nyingine kwa wastani kama asilimia 40, China asilimia 25. Kwenye hiyo 62 ya Marekani weka 31. China ilileta kama 50, weka 12 na nusu. Zilizobaki, kama 149, zinaleta 60. Jumla haifiki milioni 105. Toa gharama ya kuitengeneza, toa matangazo ya dunia nzima ambayo kwa filamu ya ukubwa huu ni makumi ya mamilioni, halafu rudisha kidogo kinachopatikana baadaye kwenye televisheni na intaneti. Magazeti ya biashara ya filamu yalikadiria hasara ya zaidi ya dola milioni 100, ikigawanywa kati ya studio zilizoshirikiana. Sina sababu ya kuyabishia.

Ona sasa jambo hili. Alien: Romulus ya 2024 iligharimu kama milioni 80, haikuwa na staa hata mmoja wa zamani kwenye bango, ikauza karibu milioni 350 duniani. Rise of the Planet of the Apes ya 2011 iligharimu kama 93, ikauza 481. Zote mbili ni mifululizo iliyokuwa imechoka. Zote zilikuja na nyuso mpya, hadithi inayosimama peke yake, na bajeti ambayo haikuhitaji dunia nzima ije. Dark Fate hiyohiyo, kwa watu walewale waliokuja, ingegharimu 80 leo tungekuwa tunaizungumza kama filamu ya wastani iliyojilipa. Terminator ya kwanza iligharimu milioni 6.4. Cameron aliuza haki zake kwa mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola moja ili aruhusiwe kuiongoza. Ilikuwa filamu ya usiku, vichochoro na gari za wizi, na ilitisha kuliko Rev-9 pamoja na ndege zake zote.

Swali la mwisho: kuna nyingine? Netflix walitoa mfululizo wa katuni za Kijapani, Terminator Zero, Agosti 2024, ukakatishwa baada ya msimu mmoja. Upande wa sinema, jambo la kuangalia ni haki. Sheria ya Marekani humruhusu mwandishi aliyeuza haki zake aanze kuzidai tena baada ya miaka 35, na 1984 ukiongeza 35 unapata 2019. Hela kubwa ikiwa imeshaungua na haki zikiwa na wenyewe wengi, sitegemei studio yoyote iweke tena milioni 185. Ikija, natumaini itakuwa ndogo, haina Sarah, haina John, na Arnold amepumzika.

Kama kaka yako bado hajaiona Dark Fate, mwambie aruke dakika tano za mwanzo. Kuna mashabiki wanaitazama hivyo. Atapotea kidogo Sarah atakapoanza kumtaja mwanawe, lakini atafika kwa Carl akiwa na moyo mweupe, na hapo ndipo filamu ilipo.